Siku Nilipowanyamazisha Wazee Ili Nisikilize Gari

Kama unasali katika kanisa lolote la Wakongo kuanzia Louisville mpaka Buffalo, huenda umeshaisikia habari ya dada wa bwana harusi aliyesimamishwa na polisi akiwa amelewa, siku ya kupeleka posa. Huyo dada ni mimi. Sikuwa nimelewa, na pombe sijawahi kuionja (hata dawa ya kikohozi naisoma kwanza imetengenezwa kwa vitu gani), lakini habari ikishatangulia huwezi kuikimbiza ukaishika, na mpaka leo nikienda Columbus kuna mama mmoja wa kwaya ambaye badala ya kunisalimia huniuliza, "Riziki, leo umeshapimwa?" Nacheka naye. Naisimulia sasa yote, kwa sababu hiyo wanayoisimulia wao inaniaibisha mahali pasipo penyewe. Aibu yangu ya kweli iko kwingine, nanyi mtaiona.

Mwaka huo, 2015, nilikuwa na miaka ishirini na tatu, ninaishi na mama mtaa wa Iroquois kusini mwa Louisville, ninahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia, na nilikuwa na gari la Kijapani lenye umri wa miaka kumi na saba ambalo nilikuwa nimejifunza kulitengeneza mwenyewe. Hakuna aliyenifundisha. Niliazima kitabu maktaba, nikatazama video mpaka macho yakawasha, nikanunua spana moja moja. Nilikuwa na daftari la sauti za gari, sitanii: linalia vipi, likiwa baridi au moto, mwendo gani, ukikata kona au ukinyoosha, ukishika breki au ukiachia. Kwamba likilia "kwi kwi kwi" asubuhi ni mkanda wa feni, likigonga "tak tak" kwenye kona ni viungo vya magurudumu ya mbele, likivuma kama nyuki na kuzidi kadiri unavyokimbia ni beringi ya gurudumu. Watu waliona ni ujuzi. Mimi najua ilikuwa hofu. Katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, nilikokulia, kitu kikiharibika lawama ilikuwa ya yule aliyekishika mwisho, na mimi nilikua nikihakikisha kwamba chochote nilichoshika mimi hakina kasoro, na kikiwa nayo, basi niijue kabla ya mtu mwingine.

Sasa, kaka yangu Samweli alikuwa amempata Mapendo, binti wa Pasta Etiene wa Buffalo. Pasta Etiene ni mtu wa milima ya Kivu Kusini kama sisi, mpole, lakini kwa pombe hana mzaha, na alikuwa amesikia fununu kwamba Samweli alionekana na chupa ya bia kwenye choma nyama ya wafanyakazi wenzake wa ghala. Akatuma ujumbe: njooni, tutazungumza, lakini kwanza msemaji wenu asimame mbele ya ndugu zangu aseme kama kwenu watu wanakunywa au hawanywi. Msemaji wetu alikuwa Baba mkubwa Lazaro, maana baba yetu hayupo tena. Na hotuba ya Baba mkubwa niliiandika mimi, nikaipiga chapa kwa herufi kubwa, na sentensi ya nne ilisema: "Katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kugusa pombe." Samweli alikuwa ameniambia jikoni kwamba chupa ile ilikuwa kweli, alikunywa mara moja tu, majira ya joto yaliyopita. Niliiacha sentensi kama ilivyo. Ilikuwa inasomeka vizuri.

Safari ilipangwa hivi: Ijumaa tuondoke Louisville, tulale kwa mama mdogo Reynoldsburg, Jumamosi saa moja asubuhi tuondoke, saa nane mchana tuwe mlangoni kwa Pasta. Baba mkubwa alitaka wote tupande basi dogo la kanisa. Mimi nikasema hapana, msemaji hawezi kubanwa na vijana wa kwaya, atakwenda na mimi, gari langu halina tatizo hata moja. (Hilo "hata moja" ndilo lililonimaliza.)

Jumamosi asubuhi, Reynoldsburg, mama mdogo akatoa mablanketi sita mapya na masufuria ya kumpelekea Mapendo, buti ikajaa, na valize yenyewe, lile sanduku la zawadi za bibi harusi lenye vitenge na viatu, ikakosa pa kukaa. Na valize haiwezi kwenda na vijana. Kwetu inasafiri na msemaji, wanafika pamoja. Basi nikaipandisha kwenye keria juu ya gari, nikaifunika, nikapitisha mkanda mpana wa kukazia mizigo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Niliufunga mara tatu. Mara ya kwanza ulijipinda katikati nikaufungua, mara ya pili ukajipinda kidogo pembeni nikaufungua, mara ya tatu ukalala bapa, umenyooka kama umepigwa pasi, nikaukaza mpaka ukawa mgumu kama ubao. Nilirudi nyuma hatua mbili nikautazama. Niliupenda sana ule mkanda.

Tukaondoka sisi kwanza: mimi kwenye usukani, Shangazi Debora mbele pembeni yangu, Baba mkubwa nyuma, suti ya kijivu, kofia magotini. Basi la Samweli na vijana lilibaki nyuma kidogo, kuna mmoja alikuwa hajapiga pasi shati.

Ndani ya mji gari lilikuwa kimya. Tukaingia barabara kuu ya kwenda kaskazini, nikafika maili sitini kwa saa, likaanza. "Mmmmmmm." Sauti nene, yenye mtetemo, inaingia mpaka kwenye meno. Nikapunguza mwendo, ikafifia. Nikaongeza, ikarudi, tena kubwa zaidi. Katika daftari langu kulikuwa na mstari ulioandikwa miezi miwili nyuma: beringi ya nyuma kulia, iangaliwe. Na sasa tumepakia masufuria.

Shangazi Debora alikuwa anaimba pambio. Akanyamaza katikati ya ubeti.

"Riziki, mutoto wangu, hii gari iko nalia nini?"

"Ni barabara tu, Shangazi. Lami ya huku ni mbovu."

Hapo ndipo palipoharibikia. Ningesema "sijui, ngoja nisimame tutazame," habari ingeishia hapo, dakika tano, kituo cha mafuta kilichofuata. Lakini kusimama kulikuwa kukiri mbele ya Baba mkubwa kwamba gari langu lina tatizo, na mimi nilikuwa nimesema hata moja. Nikaamua nitalitafuta tatizo hukohuko mwendoni, nilijue kwa jina, nipime kama litatufikisha, kisha ndipo niseme, nikiwa tayari na jibu.

Nikaomba wanyamaze. Kwa adabu, lakini niliomba: "Naomba tafadhali mnyamaze kidogo, nasikiliza." Shangazi akafunga mdomo. Baba mkubwa, aliyekuwa ameanza kujisomea hotuba kwa sauti ya chini, akaikunja.

Nusu saa ikapita. Akaifungua tena karatasi, akaanza, "Ndugu zetu, tumetoka mbali..."

"Baba mkubwa, dakika tano tu."

"Bon," akasema. "Leo gari ndiyo musemaji."

Shangazi akacheka, mimi sikucheka, nilikuwa nimezima kiyoyozi, nimezima redio, nimefungua dirisha, nimefunga dirisha. Nikalitoa gari kwenye gia likawa linateleza lenyewe, sauti ikabaki, basi si injini. Nikashika breki polepole, ikabaki, basi si breki. Tulipita Cleveland tukashika barabara ya 90 inayofuata ziwa, upepo wa ziwa ukatupiga ubavuni, na sauti ikawa mlio wa pembe ya ng'ombe kabisa. Shangazi akaweka mkono kwenye dashibodi.

"Ile sauti haiko ya gari," akasema. "Ile ni adui. Kuna mutu hapendi hii ndoa." Akaanza kukemea kwa kunong'ona, macho wazi, kwa sababu alikuwa hapendi kufumba macho mimi nikiendesha.

Nami nikafanya lile jaribio la mwisho. Kila anayesoma habari za beringi analijua: unakata usukani kidogo kushoto, uzito unaegemea magurudumu ya kulia, unasikiliza, kisha unakata kulia, uzito unaegemea kushoto, unasikiliza. Sauti ikibadilika umeshajua ni upande upi. Kitabu kinasema fanya hivyo mahali pasipo na magari. Palikuwa pamekaa kama hapana magari. Nikakata kushoto: ikabadilika. Nikakata kulia: ikabadilika tena. Lakini kwa kiasi gani? Mimi si mtu wa kuridhika na mara moja. Nikarudia. Nikaongeza mwendo hadi sabini nikarudia, nikapunguza hadi hamsini nikarudia, kushoto, kulia, kushoto, kulia, na Baba mkubwa nyuma anayumba kama yuko ndani ya mtumbwi, kofia imeanguka, na mimi nimeinamisha kichwa upande wa dirisha, sikio limetega, macho nusu yamefumba.

Taa za buluu na nyekundu zikawaka nyuma yetu.

Nilisimama pembeni kwenye changarawe, nikaweka mikono juu ya usukani kama tulivyofundishwa tulipofika nchi hii, na nikawa najipanga nitasemaje kwa Kiingereza. Sikuwafikiria walio nyuma. Kule tulikotoka, gari likisimamishwa kwenye kizuizi, mkubwa wa safari hakai ndani. Anashuka, anavua kofia, anamwendea mwanajeshi, anamsalimia, anatoa karatasi, anaongea kwa niaba ya wote. Ni heshima na ni usalama pia, kwa sababu anayebaki ndani anaonekana anaficha kitu. Na Baba mkubwa alikuwa ndiye msemaji.

"Acheni," akasema nyuma yangu, anatengeneza koti. "Hii ni kazi yangu."

Nikasikia mlango unafunguka.

Polisi akapiga kelele kwa Kiingereza, rudi ndani ya gari, rudi ndani! Baba mkubwa Kiingereza hakijui. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni: mzee mrefu wa suti ya kijivu, anatabasamu, kofia mkono wa kushoto, na mkono wa kulia unaingia polepole ndani ya koti kutafuta bahasha ya karatasi zake. Mkono wa polisi ulikuwa umeshashuka kiunoni.

Nilipiga ukelele ambao sijawahi kumpigia mtu, sembuse kaka mkubwa wa baba yangu. "Lazaro! Mikono! Mikono juu!" Nilimwita kwa jina tupu. Na yeye akainua mikono papo hapo, yote miwili, viganja wazi, vidole vimetanuka, na akapiga goti moja kwenye changarawe bila kuambiwa na mtu. Aliifanya haraka mno. Aliifanya kama mtu anayelijua somo. Nilijua kwamba mwaka tuliokimbia aliwahi kusimamishwa kwenye kizuizi pamoja na baba, na kwamba alirudi peke yake. Hakutusimulia kamwe ilikuwaje. Pale nilikuwa nimeonyeshwa.

Hakuna kilichotokea. Yule polisi, kijana aliyenizidi umri kidogo tu, akaona, sauti yake ikashuka, akasema sawa, sawa, mwambie arudi akae. Nikamwambia. Baba mkubwa akarudi, akafunga mlango taratibu, akaweka mikono magotini. Kofia ilibaki nje, polisi akaiokota akampa kwa dirishani.

Kisha zamu yangu. Akaniuliza nimekunywa nini. Nikasema maji. Akaniuliza kwa nini nayumba barabara nzima. Nami, mwenye macho mekundu kwa kutolala (usiku kucha nilikuwa natazama video za beringi, kwa ajili ya ule mstari wa daftari), nikaanza kumweleza habari ya uzito kuhamia upande mmoja, na kuondoa gia, na daftari, na kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kunikazia macho. Akasema, dada, naomba ushuke.

Nilikuwa nimevaa sare ya wanawake wa upande wa bwana harusi, kitenge cha manjano kilichobana mpaka chini ya magoti, na viatu vya kisigino. Akaniambia nivue viatu. Akanipitishia kalamu mbele ya macho. Kisha akanionyesha mstari mweupe wa pembeni: hatua tisa, kisigino kiguse kidole, geuka, rudi hatua tisa. Malori yanapita, kitenge kinapepea, Shangazi Debora ndani ya gari sasa anakemea kwa sauti kamili. Nikatembea, nikihesabu. Nilipomaliza nikamwambia polisi, samahani, hatua ya tano kisigino hakikugusa vizuri, naomba nirudie.

Akanitazama. "Unataka kurudia?"

"Ndiyo. Haikuwa sawasawa."

Na nilipokuwa narudia (narudia, jamani, kwa ombi langu mwenyewe) ndipo basi dogo la kanisa lilipopita. Likapunguza mwendo. Niliona nyuso zote dirishani, vijana wa kwaya wote wamegeuka upande mmoja, na uso wa Samweli mbele kando ya dereva, mdomo wazi. Niliona pia simu iliyoinuliwa. Sheria haiwaruhusu kusimama pale, na polisi aliwapungia mkono waende, wakaenda.

Nilifaulu mara zote mbili. Polisi akasema hasikii harufu yoyote na miguu yangu iko sawa kuliko yake. Kisha akauliza ni sauti ya namna gani hasa. Nikamwigizia. Akazunguka gari, akaangalia magurudumu, akainua macho juu, akanyoosha kidole akaupiga ule mkanda wangu kama mtu anayepiga uzi wa gitaa. Ukavuma.

"Umeufunga bapa," akasema. "Upepo unautikisa. Uzungushe mara moja tu katikati, utanyamaza."

Akaniandikia onyo la karatasi, akanitakia safari njema, akaondoka. Nikapanda kwenye kizingiti cha mlango, bila viatu, nikaulegeza mkanda, nikauacha ujipinde, nikaukaza tena. Tulipofika maili sitini, sabini, kimya. Gari zima limenyamazishwa na mpindo ule ule nilioufungua mara mbili asubuhi kwa sababu haukupendeza.

"Sasa tunaweza kuimba?" akauliza Shangazi.

Nikasema ndiyo. Lakini hakuna aliyeimba. Nilimtazama Baba mkubwa kwenye kioo. Nikasema, "Baba mkubwa, nisamehe kwa nilivyokuita." Akasema, "Angalia barabara, mutoto." Hakusema kwa hasira. Alikuwa anaangalia ziwa.

Tulipokaribia Buffalo simu ya Shangazi ikaanza kutetemeka, ikatetemeka mpaka ikaanguka chini. Picha ilikuwa imeingia kwenye kikundi cha kwaya: mimi, pekupeku, mikono imenyooka kama ndege, polisi nyuma yangu. Chini yake yule kijana wa shati lisilopigwa pasi aliandika, "Tuwaombee, wanampima Riziki pombe." Kutoka kwaya ikaenda kwa vijana, kutoka vijana ikaenda Columbus, na kutoka Columbus ikafika Buffalo kwa dakika chache, sisi tukiwa bado saa nzima nyuma yake.

Nyumba ya Pasta Etiene iko nyuma ya Grant Street, ghorofa moja yenye baraza la mbao. Mnajua desturi: wageni wa posa wanakuta mlango umefungwa, wanaimba, wa ndani wanawauliza maswali ya kuwachokoza, mnajibizana, mnacheka, mnafunguliwa. Tulikuta basi limeshafika, Samweli amesimama kwenye ngazi, hakunitazama. Tukaimba. Sauti ya mama mmoja ikatoka ndani:

"Ni banani hao?"

Baba mkubwa akajibu kama inavyojibiwa, "Ni ndugu zenu, tumetafuta ua, tumesikia liko kwenu."

"Bazima ao balevi? Maana harufu ya bia ilifika hapa mbele yenu!"

Ndani wakaangua kicheko. Wengine wetu wakacheka nusu. Halafu mlango ukafunguka, na hapo kila mtu akanyamaza, kwa sababu aliyetoka alikuwa Pasta Etiene mwenyewe, na baba wa binti hatakiwi kuonekana mpaka wageni wameketi na kuomba wamwone. Akitoka yeye, mchezo umekwisha.

"Baba Lazaro," akasema, "heshima yako iko palepale. Lakini mbele ya ninyi kuingia, minataka kujua. Nani alikuwa kwa usukani?"

Nilitoka mstarini. Msichana hasemi kwenye posa, lakini nilikuwa nimeshavuka mengi siku ile. Nikaeleza: sauti, beringi, kuyumba, polisi, mkanda. Nilipofika kwenye mkanda kuna mtu nyuma ya Pasta akasema, "Donc, ni mukanda ulikunywa," na baraza zima likalipuka. Hata masikioni mwangu habari ilisikika kama uongo wa mlevi. Niliona Samweli anafunika uso kwa kiganja. Kule juu, dirishani, pazia lilisogea, na nilijua ni Mapendo.

Pasta hakucheka. Alitazama keria.

"Mukanda unaweza kulia?"

"Unaweza, Pasta."

"Twende niusikie."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwamba siku ya posa ya kaka yangu, wageni wakisimama nje na chakula kikipoa ndani, mimi na baba wa bibi harusi tuliondoka wawili tu, mkanda nimeunyoosha tena bapa, valize juu, tukashika barabara ya kando ya mto. Maili arobaini, kimya. Arobaini na tano, kimya. Asubuhi nzima nilikuwa nimeomba ile sauti ikome, sasa namwomba Mungu kwa moyo wote, ee Bwana, acha lilie, acha lilie. Hamsini, kimya. Pasta amekaa wima, mikono kwenye Biblia. Hamsini na tano, upepo wa mto ukatupiga, na "mmmmmmm," likaanza, kubwa, tamu, sijawahi kupenda sauti namna ile.

Pasta alifumba macho akasikiliza kwa muda. "Kweli," akasema. "Inalia kabisa."

Nilidhani tumemaliza. Nikawasha taa ya kutoka barabarani. Akasema, "Endelea kidogo." Kisha: "Samweli alinipigia simu, alipokuona kule. Alikuwa nalia. Alisema dada yangu hajalewa, mutu wa pombe ni mimi. Akaniambia habari yake. Sasa na wewe niambie. Kaka yako anakunywa?"

Sikujua Samweli amesema nini hasa. Nilifikiria sentensi ya nne. Nilifikiria kwamba nikisema tofauti na yeye, mmoja wetu ni mwongo, na nikisema hotuba inavyosema, sote salama isipokuwa ukweli. Ile sauti ilikuwa inavuma juu ya vichwa vyetu na sikuwa na hata sekunde ya kuipima.

"Alikunywa mara moja," nikasema. "Majira ya joto yaliyopita. Hotuba ya Baba mkubwa itasema hakuna aliyewahi kugusa. Mimi ndiye niliyeiandika hivyo, na nilikuwa najua."

Tukapita njia ya kutokea, na ya pili yake.

"Yeye alisema mara mbili," akasema Pasta.

Nikageuka nikamtazama. "Mara mbili?"

"Angalia barabara. Mara mbili. Ya pili hakukuambia wewe." Na sasa, kwa mara ya kwanza, nikaona anatabasamu. "Mutu mwenye kujiongezea makosa yake yeye mwenyewe, wakati hakuna mwenye alimuuliza, ule naweza kumupa binti. Basi toka hapa, simama, unyamazishe hii kitu. Na Baba Lazaro umuambie aruke ile sentensi."

Tuliporudi nilimwendea Baba mkubwa, nikamnong'oneza. Akatoa karatasi, akaitazama, akairudisha mfukoni yote nzima. "Ile sentensi haikunipendeza tangu mwanzo," akasema. "Lakini ulisema ninyamaze." Kisha akaingia ndani, kofia mkononi, akazungumza bila karatasi kama robo saa, akasimulia safari yetu tangu Louisville, na alipofika kwenye polisi alisema tu, "Mutoto wetu aliniita kwa jina, na ndiyo maana niko hapa mbele yenu." Wenye kujua wakaitikia. Wasiojua wakafikiri ni mfano. Mapendo akaitwa, akaulizwa kama anawafahamu hawa watu, akasema ndiyo, na vigelegele vya Shangazi Debora nina hakika vilifika mpaka mtoni.

Wameoana, wana watoto wawili. Gari nililiuza. Daftari bado ninalo, ingawa siku hizi naandika kidogo. Nimejiwekea sharti moja, na mpaka sasa sijalivunja: nikiwa na watu garini na sauti nisiyoijua ikaanza, sitafuti kwanza jina lake. Nasema kwa sauti, wote wasikie, "Sijui ni nini," kisha nawasha taa ya pembeni natafuta pa kusimama. Ni neno fupi, na ilinibidi nitembee hatua thelathini na sita pekupeku kandokando ya barabara ndipo nijifunze kulitamka.